Furu Katika Kabati la Maandazi

Enzi zetu sisi tuliokulia Mukendo, Musoma, samaki wa kufuga hakununuliwa wala hakuagizwa. Alikuja mwenyewe. Ulishuka ziwani na vyombo vya jana, ukalowesha sufuria yenye ukoko wa ugali wa muhogo, na kabla hujachota mchanga wa kusugulia, furu walishaingia sufuriani wanadonoa. Ukiwa na mkono mwepesi uliiinua juu kwa mara moja, maji yakamwagika pembeni, ndani wakabaki wawili watatu wanazunguka. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi kuliko wasichana wote wa mtaa wetu, na mdomo mwepesi kuliko mkono. Mkono ulinipatia sifa. Mdomo ndio unaonifanya niandike haya.

Wenzangu mliozaliwa kando ya ziwa miaka ile hamhitaji kuelezwa furu ni nani. Nawaeleza watoto wetu, maana wao ukiwatajia furu wanadhani ni yale matunda meusi ya porini. Furu alikuwa samaki mdogo wa kujaa kiganja, mwenye miba mingi kuliko nyama, na alikuwa wa kila rangi. Kati ya mawe makubwa ya ufukweni kulikuwa na madume ya bluu yenye mkia mwekundu, hao tuliwaita Bwana Harusi. Kulikuwa na mweusi mwenye michirizi ya njano, huyo tulimwita Kondakta kwa sababu hakutulia mahali pamoja. Majike walikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo, nao hatukuwapa jina lolote.

Shule tulikwenda na fagio mkono huu na dumu la maji mkono ule. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, na aliyeruhusiwa kuigonga alijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Saa nne tulikunywa uji wa mahindi uliokuwa na madonge, na madonge hayo tuliyagombania kama nyama. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka mama aite mara ya tatu, kwa kuwa mara ya kwanza na ya pili hazikuhesabiwa. Ukirudi miguu ina vumbi hadi magotini, mama anasema, "Hiyo miguu ni ya nani? Irudishe kwa mwenyewe." Siku hizi watoto wanacheza wamekaa, vidole tu ndivyo vinavyochoka.

Baba alikuwa fundi wa vioo. Baba yake alikuja kutoka Tabora na mama yake alikuwa Mjita, kwa hiyo ukimuuliza kabila alijibu kwamba yeye ni Mwislamu wa Musoma, basi. Alikata vioo vya madirisha, akatia picha za harusi kwenye fremu, na akatengeneza makabati ya vioo ya maandazi ya migahawa. Kuna mteja aliagiza kabati la futi nne, refu na zuri, kisha akahamia Mwanza asirudi kulichukua. Likakaa karakanani likila vumbi. Wakati huohuo nyumbani mama alikuwa akilalamika kwamba hana chombo cha kupikia, kila sufuria akifunua anakuta furu wangu wanamtazama. Siku moja baba akalibeba lile kabati mpaka sebuleni, akalizungushia chuma kwenye pembe zote, akaziba maungio kwa lami, akaniambia, "Haya, wahamishie humo, mama yako apike." Lilivuja kona moja tangu siku ya kwanza, tukaweka bakuli chini yake na maisha yakaendelea.

Niliweka mchanga wa ziwani na mawe matatu. Nilipanda majani yaliyokuwa yakiota chini ya maji kwenye ghuba, yale membamba yanayolala upande mawimbi yakipita. Nilikuwa nawalisha makombo ya ugali na viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la jirani, na jirani alinishukuru. Ila samaki walikufa. Kila Jumamosi nilimwaga maji yote, nikasugua vioo, nikajaza maji mapya kutoka ziwani, na kila Jumapili kulikuwa na mmoja au wawili wanaoelea matumbo juu. Baba alisema labda lami ndiyo sumu. Mama alisema samaki mahali pake ni kwenye mafuta ya moto, na kwamba mimi nawachelewesha tu.

Mwaka huo akaja kukaa kwetu mama mdogo Wakuru, anayemfuata mama tumbo moja. Kwao ni Butiama, Wazanaki, watu wa jembe na ng'ombe, Wakatoliki wa kwenda misa kwa miguu. Mama alisilimu alipoolewa na baba, mama mdogo akabaki na rozari yake, na sikumbuki hata siku moja jambo hilo kuleta maneno. Yeye aliolewa Bunda, kule Manyamanyama, kwa mtu aliyenunua pamba vijijini. Alizaa watoto watatu, na wote watatu walikufa kabla ya kuota meno. Baada ya wa tatu mumewe akamwambia aende kwa dada yake apumzike. Sisi watoto tulielewa hivyohivyo, kupumzika. Nilidhani Bunda kuna kazi nyingi sana.

Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye kucheka bila sauti. Wiki ya kwanza alilitazama tu kabati langu. Jumamosi aliponiona nabeba ndoo, akanizuia.

"Hizi samaki zinakufaga kwa sababu unazihamisha nyumba kila wiki," aliniambia. "Toa kata mbili za maji, weka kata mbili. Kesho tena hivyo. Maji mapya yaingie polepole, kama mtu anaingia nyumba ya wenyewe."

Sijui nani alimfundisha, maana Butiama hakuna ziwa. Nadhani alitazama tu. Tangu siku hiyo kazi ya maji ikawa yetu wawili, kata mbili nje, kata mbili ndani, kila alfajiri kabla sijakwenda shule. Maji yaliyotoka alimwagia mchicha. Furu wakaacha kufa. Bwana Harusi akawaka bluu mpaka majirani wakawa wanaingia kumwangalia, na mama mdogo akirudi misani Jumapili, kabla hajavua viatu, alikuwa anapita kwanza kwenye kabati. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi ili msomaji ajue kwamba nilichofanya sikukifanya kwa chuki.

Mama alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu Rashidi, wa miezi minne. Mtoto yule alishikwa na kila mtu. Mimi nilimbeba, jirani alimbeba, hata muuza mkaa aliwahi kupewa amshike mama alipokuwa anatafuta gunia. Mama mdogo peke yake hakupewa. Hakuna aliyemkataza. Ilikuwa kwamba kila akinyoosha mikono, mama alikumbuka kuwa mtoto anataka kunyonya, au amelowa, au ana usingizi. Wiki aliyoingia mama mdogo, jirani mmoja alimfunga Rashidi uzi mweusi mkononi, na mama hakuuliza ni wa nini. Mama mdogo aliuona ule uzi. Aliutazama kitambo, kisha akaendelea kupepeta mtama.

Jibu la ule uzi nililipata bombani. Nilikuwa kwenye foleni na ndoo yangu, na mbele yangu wanawake wawili walikuwa wakizungumza kana kwamba mtoto wa miaka tisa hana masikio. Walisema yule mgeni wa fundi vioo anakula watoto wake. Kwamba huko Bunda ameshakula watatu, ndiyo maana mume amemrudisha. Mmoja alitaka kubisha kidogo, mwenzake akamkata kwa ile methali inayomaliza mashauri yote: lisemwalo lipo, na kama halipo, linakuja. Nilirudi nyumbani na ndoo kichwani na neno hilo mdomoni. Sikumuuliza mtu. Enzi zetu mtoto hakuuliza mambo ya wakubwa, tulifundishwa hivyo na tukasifiwa kwa hivyo.

Baada ya siku chache jike mmoja kabatini akagoma kula. Ugali alitema, viluwiluwi aliwakimbia, akajibanza nyuma ya jiwe, na chini ya taya kulikuwa kumevimba kama mtu mwenye jino bovu. Nilitaka kumtoa asiambukize wenzake. Mama mdogo akainama akamwangalia sana, akasema, "Mwache tu. Huyu hana ugonjwa." Nikamwacha, siku kumi, kumi na mbili.

Ilikuwa Jumapili. Baba alikuwa karakanani, mama ameketi na Rashidi mapajani, majirani wawili wamekuja kutembea, na mmoja wao ni yule wa uzi. Mama mdogo alikuwa kwenye mkeka anachambua dagaa. Mimi nilikuwa nimeweka pua kwenye kioo. Nikaona kitu kama vumbi mbele ya uso wa yule jike, na lile vumbi lilikuwa na macho. Watoto. Wadogo kama punje za uwele, ishirini, thelathini, wote wakicheza karibu na mama yao. Furaha niliyoipata sijui niiandike vipi. Nikasogea zaidi nihesabu, kivuli cha kichwa changu kikaangukia maji, yule jike akafungua mdomo, na watoto wote wakaingia ndani. Wote. Akafunga mdomo.

"Anakula watoto wake!" nikapiga kelele.

Wakageuka wote. Mama akauliza nani, na mimi nikaonyesha, na kwa kuwa niliona wakubwa wananisikiliza kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikataka kueleza vizuri, kama wanavyoeleza watu bombani.

"Anawala," nikasema, "kama mama mdogo."

Hakuna aliyenipiga. Ningepigwa ingekuwa afadhali. Jirani wa uzi alitazama sakafu, mwenzake akatazama mlango, na mama, mama yangu ambaye kwa kila kitu alikuwa na jibu, alifunga mdomo akairekebisha kanga ya mtoto. Mikono ya mama mdogo ilisimama juu ya dagaa. Nilijua nimefanya jambo lakini sikujua ni lipi. Basi nikafanya la mtoto, nikatafuta kazi. Nikachukua chujio la chai, nikamvua yule jike muuaji, nikamtupa kwenye sakafu ya saruji ili niwaokoe waliosalia, kama wapo.

Alirukaruka mara tatu nne. Kisha akatulia, akapanua mdomo, na watoto wakaanza kutoka. Walitoka mmoja mmoja, wazima, wanachezesha mikia kwenye saruji kavu. Kila akipanua mdomo walitoka wengine. Hakuwa amemla hata mmoja.

Mama mdogo ndiye aliyeinuka. Alilowesha kiganja kwenye bakuli lililokinga maji yanayovuja, akapiga magoti, akawazoa watoto wale mmoja mmoja kwa kidole akiwatia kwenye kikombe. Alifanya hivyo taratibu, na sisi wote tukimwangalia. Alipomfikia mama yao alikuwa ameshakufa.

"Alikuwa anawaficha," mama mdogo akasema. Hakumwambia mtu yeyote, alisema tu.

Hapo mama aliona haya. Aliinuka, akavuka mkeka, akamweka Rashidi mapajani pa mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu aje. Nilidhani mambo yamekwisha. Mama mdogo alimtazama mtoto, akamtazama mama usoni, akangoja kidogo. Sikujua anangoja nini. Kisha akamwinua Rashidi akamrudisha.

"Mshike mwenyewe, dada," akasema. "Kesho akikohoa mtasema ni mimi."

Asubuhi yake alifunga nguo zake kwenye kanga. Baba alimbebea mzigo mpaka stendi akamtafutia nafasi kwenye lori la kwenda Butiama, maana Bunda hakukuwa tena kwake. Aliporudi aliniita karakanani. Nilidhani fimbo imefika. Aliendelea kukata kioo, akasema bila kuinua macho, "Ulimi hauna mfupa, Zuhura," na hakumalizia. Wale watoto wa furu walibaki kumi na mmoja. Niliwalea kwa kata mbili nje na kata mbili ndani mpaka wakawa saizi ya kidole gumba, kisha baba akasema tuwarudishe kwenye mawe, na tukawarudisha. Kabati likasuguliwa, likauzwa kwa mama mmoja wa maandazi. Nasikia maandazi yake yalinukia furu mpaka alipoacha biashara.

Yaliyofuata ziwani mnayajua. Sangara walijaa, wakubwa kama ndama, na furu wakaanza kupungua, rangi moja baada ya nyingine. Kwanza hatukumwona Kondakta. Baadaye Bwana Harusi. Viwanda vilikuja vikachukua minofu, sisi wenye ziwa tukabaki tunagombania mapanki, kichwa na mgongo, tukiyakaanga na kusifia utamu wake. Ukilowesha sufuria siku hizi unaweza kukaa mpaka mgongo ukuume, hatokei mtu. Nimesikia kuna furu waliorudi, baadhi ya aina. Mimi bado sijamwona Bwana Harusi.

Mama mdogo hakuolewa tena. Alilima shamba la kaka yake, akafuga mbuzi, akawa mwanakwaya wa kanisa lao mpaka sauti ilipokwisha. Nilikutana naye misibani na harusini. Shikamoo mama mdogo, marahaba mwanangu, hamjambo Musoma, hatujambo, basi. Alikuja mama alipofariki. Aliketi na wanawake wengine kwenye mkeka, akalia kama wengine, akarudi Butiama kesho yake. Kila mara nilisema nitamwomba radhi safari ijayo.

Sasa niwapeleke Buhare, hapahapa Musoma, ninakoishi na mwanangu Hamisi na mkewe. Hamisi ni fundi wa kompyuta, na yeye naye anafuga samaki. Nilipomsikia anataka kufuga nilifurahi, nikamweleza habari za viluwiluwi. Akanitazama kwa huruma. Samaki wake anaitwa diskasi, asili yake mito ya Amerika ya Kusini, na alikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wenye hewa yake maalumu, akiwa amesafiri kwa starehe kuliko mimi nilivyowahi kusafiri. Ni wa duara, bapa, kama sahani ya chai iliyosimamishwa, mwenye michirizi ya bluu juu ya wekundu. Akipita mbele yako anakutazama kwa jicho moja kama karani ambaye hujampa fomu sahihi.

Tangi lake limechukua ukuta mzima mahali palipokuwa na kochi langu. Ndani kuna bustani kamili: majani mapana, majani membamba, nyasi fupi chini kama zulia, na gogo lililochemshwa siku mbili kwenye sufuria yangu ya pilau. Kuna kifaa cha kupasha maji joto, kwa sababu diskasi akipigwa na baridi anapoteza hamu ya kula. Kuna taa inayojiwasha na kujizima. Chumba hicho hakipuliziwi dawa ya mbu, kwa hiyo mbu wanatula sisi. Umeme ukikatika, tangi linafunikwa mablanketi mawili, na mimi niliyemzaa huyo kijana nilimlea kwa blanketi moja tulilogawana. Lakini lililonishinda kabisa ni chakula. Diskasi anakula moyo wa ng'ombe. Hamisi anauchagua mwenyewe buchani, anautoa mafuta na mishipa yote, anausaga, anaugandisha. Enzi zetu moyo wa ng'ombe ukipikwa aliula baba, sisi tulipewa mchuzi wake na tukaambiwa tushukuru.

Pamoja na kumcheka, kuna kitu nilikiona kikaninyamazisha. Habadilishi maji yote. Anatoa kidogo, anaongeza kidogo, maji yaliyokaa ndani ya pipa siku nzima yakalingana joto na ya tangi. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema wafugaji wenzake kwenye simu.

Dume na jike wa Hamisi walitaga kwenye gogo mara ya kwanza, wakayala mayai yote. Mara ya pili wakayala tena. Nilimwambia awatenganishe, hao ni wabaya. Akasema, "Hapana mama. Bado wanajifunza. Tusiguse, tusubiri tuone." Mara ya tatu mayai yakaanguliwa. Siku ya nne au ya tano baada ya hapo, mchana, mkewe akaniita nije upesi. Watoto walikuwa wamewang'ang'ania wazazi wao ubavuni, kundi zima, wanawadonoa ngozi. Jike alitetemeka kidogo kila walipomdonoa lakini hakukimbia. Alipochoka alijitikisa, watoto wakahamia kwa baba yao. Mkwe wangu alishika kichwa. Alisema, "Mama, hawa si wanamla mama yao?"

Nikamwita mwanangu. Hamisi alikuja, akatazama, hakusogeza mkono wake majini. Alikaa na simu akisoma na kuuliza watu wake, kisha akatueleza. Ngozi ya diskasi akiwa na watoto hutoa ute, na ute huo ndio maziwa yao. Wanakula lakini hawamli. Ukiwatoa kwa mama yao kwa kumwonea huruma, wanakufa.

Nilikwenda chumbani nikalia, na jioni nikamweleza Hamisi habari yote niliyowaeleza ninyi. Hakusema neno la kunifariji, jambo ambalo nalishukuru. Aliniuliza tu kama bibi Wakuru yuko hai. Nikasema yuko. Akauliza basi tunangoja nini.

Tulimfuata Butiama Jumamosi iliyofuata. Amekuwa mzee, amepungua, sikio moja limekufa, la pili linasikia ya karibu tu. Alikubali kuja kwa sababu, alivyosema, watu wa kanisani wamechoka kumtazama. Hamisi alimweka kiti mbele ya tangi, naye akakaa pale karibu saa nzima, fimbo mapajani. Watoto walikuwa wamekua kidogo lakini bado wanarudi kwa wazazi wao kunyonya ute.

"Hizi zinanyonya," akasema mwishowe. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nikavuta kigoda nikakaa karibu na sikio lake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima kutoka Butiama, na yote yalinitoka. Nikasema, "Mama mdogo, lile neno la siku ile, nilisema mimi."

"Najua. Nilikuwepo." Hakuacha kutazama samaki. "Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto anasemaga alichosikia. Mimi sikuwa nakuangalia wewe, nilikuwa namwangalia mama yako. Nilikuwa nangoja aseme siyo kweli. Akanipa mtoto, lakini hakusema."

Miaka yote niliyobeba neno langu, sikuwahi kufikiri kwamba yeye alibeba lile ambalo halikusemwa. Na mwenye kulisema tulimzika. Baba tulimzika, yule jirani wa uzi alizikwa, wanawake wa bombani wametawanyika. Nikatazama chumba chote kana kwamba kuna mkubwa atakayeingia. Nikaona mkubwa aliyebaki ni mimi.

"Siyo kweli, mama mdogo," nikasema.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Siyo kweli!" Nilisema kwa nguvu, mkwe wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, na mlangoni kwa jirani mazungumzo yakakatika. "Hukumla mtu. Watoto wako walikufa kwa ugonjwa, na sisi tulikuwa waongo."

Kisha akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu akae pale, akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Siku hizi tunawasema sana vijana wetu. Hawasalimii, hawangoji, wakisikia uzushi kwenye simu wanajibu palepale kwamba ni uongo, hata kama aliyesema ni mtu mzima wa kumpa shikamoo. Tunasema hawana adabu, na pengine ni kweli. Sisi tulikuwa na adabu. Tulinyamaza wakubwa walipozungumza, wakubwa nao walinyamaziana, na neno moja fupi lililotakiwa kusemwa Jumapili ile Mukendo lilisemwa Buhare, baada ya miaka arobaini na kitu, kwa mwanamke mwenye sikio moja linalosikia.